Baada ya Windows 10: soma namba ya prosesa kabla ya kutoa fedha

Ukiulizia laptopu kwenye maduka ya Mwanjelwa jijini Mbeya au Miomboni mjini Iringa, muuzaji atakutajia RAM, ukubwa wa hadi diski na Windows iliyomo. Prosesa atakuambia ni "Core i5", basi. Ni ya kizazi gani, mara nyingi hasemi mpaka aulizwe, na wanunuzi wengi hatuulizi. Kwa miaka mingi ukimya huo haukumwumiza mtu sana. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 unaumiza, na anayeumia ni mwenye kutoa fedha.

Siku hiyo Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015 na uliozoeleka kwenye kompyuta zetu za nyumbani, za shule na za steshenari. Mrithi wake, Windows 11, alitoka Oktoba 2021 na masharti magumu kuliko ya watangulizi wake wote. RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64 si tatizo kwa mashine nyingi. Tatizo ni chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, pamoja na orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Kwa Intel, ukiacha mashine chache sana, orodha hiyo inaanzia kizazi cha nane kilichoingia sokoni mwaka 2017. Kwa AMD inaanzia baadhi ya Ryzen za mfululizo wa 2000.

Sasa tazama tunachonunua. Laptopu nyingi za Nyanda za Juu Kusini ni za mtumba. Zilitumika kwenye maofisi ya Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba kwa miaka mitatu hadi mitano, zikauzwa kwa mafungu, zikashukia Dar es Salaam, zikapita Kariakoo, kisha zikapanda basi au lori kwa barabara kuu ya Tanzania na Zambia: Morogoro, Mikumi, mlima Kitonga, Iringa, Makambako, Mbeya. Kwenye mafungu hayo utakuta HP EliteBook 840 G1 yenye kizazi cha nne, G2 ya kizazi cha tano, G3 ya kizazi cha sita, Dell Latitude E7450 na ThinkPad T460. Zote ni mashine za kazi, na hakuna hata moja kati yake iliyomo kwenye orodha ya Windows 11.

Wengine wanaona kwamba dawa ni kuachana na mtumba na kununua mpya. Sikubaliani nao. Kwa fedha inayonunua EliteBook ya kizazi cha sita, dukani unapata laptopu mpya ya plastiki yenye Celeron N4020, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye mazabodi na hifadhi ya GB 64 ambayo nayo imechomelewa. Celeron hiyo imo kwenye orodha ya Microsoft. Core i5 ya kizazi cha sita haimo, ingawa inaishinda kwa kazi karibu zote. Laptopu hiyo mpya haiongezeki kitu, na Windows 11 yenyewe ikishajisasisha mara kadhaa inaimaliza nafasi yote. Anayempelekea mtoto wake chuoni mashine ya namna hiyo kwa sababu tu iko kwenye boksi jipya anampa mzigo wa miaka mitatu. Orodha ya Microsoft inahusu usalama na urahisi wa kuhudumia mifumo. Haikuandikwa kupima ubora wa mashine, wala haikumfikiria mtu wa Kihesa au Uyole anayehesabu fedha yake mara mbili kabla ya kuitoa.

Hata hivyo tarehe ile imeibadilisha biashara. Maofisi ya nje yenye sera kali za usalama hayawezi kubaki na mashine zisizopokea masasisho, kwa hiyo mashine za kizazi cha sita na cha saba zinatolewa kwa wingi, na mzigo wa namna hiyo siku zote hutafuta soko lisilouliza maswali. Mnunuzi anayejua anachonunua anaweza kunufaika, kwa kuwa mashine imara zinapaswa kushuka bei. Asiyejua atalipa bei ya kizazi cha nane akabeba cha sita.

Atalipaje wakati mashine inaonyesha Windows 11 kwenye kioo? Hapo ndipo penye kiini cha suala lote. Kuna programu ya bure iitwayo Rufus ambayo, wakati wa kutengeneza flashi ya kupigia Windows, inaweza kuondoa ukaguzi wa TPM na wa prosesa. Fundi yeyote mwenye uzoefu anaijua. Kwa njia hiyo Windows 11 inakaa hata kwenye kizazi cha nne, inawaka na inafanya kazi. Lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine kama hiyo, na matoleo makubwa ya kila mwaka kwa kawaida hayaji yenyewe. Inabidi fundi arudie kazi ileile kwa mkono kila mara. Toleo la 24H2 la mwaka 2024 lilikwenda mbali zaidi: kwenye prosesa za zamani kama Core 2 Duo haliwaki kabisa, kwa sababu linahitaji maagizo ambayo prosesa hizo hazina. Simlaumu anayeitumia Rufus kwenye mashine yake mwenyewe akijua anachokifanya. Namlaumu anayeitumia kisha akauza mashine kwa maneno mawili, "ina Windows 11", kana kwamba huo ni ushahidi wa umri wake.

Ushahidi uko kwenye namba. Washa mashine, fungua mipangilio, nenda sehemu ya mfumo kisha inayoeleza kuhusu kompyuta, usome jina kamili la prosesa. Kwenye i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya mstari ni 6, yaani kizazi cha sita. Kwenye i5-8350U ni 8. Kuanzia kizazi cha kumi zinasomwa tarakimu mbili, kama i5-10210U. Usiishie kwenye jina la mashine lililobandikwa nyuma. EliteBook 840 G5 na Latitude 7490 hujulikana kama mashine za kizazi cha nane, na nyingi ni hivyo, lakini viwanda vilitoa pia baadhi zenye prosesa za kizazi cha saba ndani ya umbo lilelile. Zikiwa mezani pamoja huwezi kuzitofautisha kwa macho. TPM unaipata kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha kuandika tpm.msc. Ikisema haipo, huenda imezimwa tu kwenye bayosi. Mwambie fundi aiwashe mbele yako.

Kwa mwenye mashine tayari nyumbani swali ni tofauti. Windows 10 haikuzimika tarehe 14 Oktoba, na wala haitazimika. Kinachotokea ni kwamba kila tundu jipya linalogunduliwa linabaki wazi. Virusi vya WannaCry vilivyoenea duniani Mei 2017 vilipita kwenye tundu ambalo dawa yake ilikuwa imetolewa Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Wengi wa walioumia ni wale ambao hawakuiweka.

Na hapa lazima tuseme ukweli kuhusu kompyuta zetu. Nyingi ziliacha kupokea masasisho zamani kabla ya mwaka 2025. Fundi akishapiga Windows, mara nyingi huzima masasisho kabisa, na anafanya hivyo kwa kumwonea huruma mteja, maana kifurushi cha wiki kinaweza kuisha usiku mmoja kompyuta ikijipakulia vitu visivyoonekana. Kisha Windows yenyewe huwa imekrakiwa, na programu za kukrak kwa kawaida humtaka mtu azime kinga ya virusi kwanza. Ongeza flashi inayotoka steshenari moja kwenda nyingine msimu wa maombi ya mikopo, ikirudi nyumbani na mafaili yaliyogeuka njia za mkato. Kwa kompyuta ya hali hiyo, 14 Oktoba 2025 haikubadilisha chochote. Tundu lilikuwa wazi tangu siku iliyotoka kwa fundi.

Microsoft ilitoa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kujiunga kunahitaji Windows 10 toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo hulipi, na njia nyingine ni kulipa dola 30 au kutumia pointi 1,000 za zawadi za kampuni hiyo. Kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows itaendelea kupata taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028. Kwa familia ambayo haina fedha ya kununua mashine sasa, nyongeza hii ni nafasi ya kujipanga bila papara, na inafaa kuichukua.

Kitakachotusumbua kabla ya virusi, kwa maoni yangu, ni kivinjari. Maombi ya Bodi ya Mikopo, mfumo wa ajira wa Sekretarieti ya Ajira, huduma za TRA na zabuni za NeST zote zinapita humo. Windows 7 ilimaliza muda wake Januari 2020, na Chrome ikaendelea kuihudumia mpaka Februari 2023 ilipoiacha pamoja na 8.1. Mwenye Windows 7 hakuona tofauti kwa miaka mitatu, kisha tovuti moja baada ya nyingine zikaanza kumkatalia. Kwa Windows 10 natarajia mwendo uleule wa polepole. Huko nyuma tuliwahi kupewa tarehe ya namna hii: mwaka 2013, mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Mbeya baada ya Dar es Salaam kutangulia mwishoni mwa 2012. Waliokuwa na televisheni za mgongo hawakuzitupa. Walinunua king'amuzi, televisheni ikaendelea. Kompyuta nayo ina ving'amuzi vyake, na cha kwanza ni SSD.

Mtu akilalamika kuwa kompyuta ni nzito, tisa kwa kumi anaishutumu RAM au virusi. Mara nyingi mkosaji ni hadi diski ya kuzunguka. Ndani yake kuna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika na mkono unaosoma, na kila faili dogo linaufanya mkono huo usafiri. Windows 10 na 11 hufungua maelfu ya mafaili madogo kabla hata hujagusa kitu. SSD haina kinachozunguka. Ya kawaida ya SATA husoma takriban MB 500 kwa sekunde wakati hadi diski ya laptopu husoma kama MB 100, na kwa mafaili madogo tofauti huwa kubwa mara nyingi zaidi ya hapo. EliteBook ya kizazi cha nne iliyokuwa inachukua dakika kadhaa kuwaka inawaka ndani ya nusu dakika. Hakuna shilingi nyingine kwenye kompyuta ya zamani inayorudisha thamani kama hiyo. Diski ya zamani usiitupe. Iweke kwenye kasha la USB iwe ya kuhifadhia nakala za picha, vyeti na tasnifu.

RAM inafuata: kutoka GB 4 kwenda 8, basi, isipokuwa kwa mwenye kazi nzito. Kabla ya kununua hakikisha aina, maana hazibadilishani. 840 G1 na G2 zinatumia DDR3L, G3 inatumia DDR4, na kipande cha aina moja hakiingii kwenye tundu la nyingine. ThinkPad T440 ina tundu moja tu, RAM nyingine imechomelewa. Mwambie fundi afungue mashine muone wote kabla hujaenda dukani.

Feni na vumbi ninavipitia haraka, ingawa vinaua mashine nyingi. Kiangazi cha Iringa kina upepo na vumbi jembamba, na feni iliyojaa vumbi huifanya prosesa ijipunguzie kasi yenyewe ili isiungue. Kusafisha na kubadilisha ile dawa inayopakwa juu ya prosesa ni kazi ya saa moja kwa fundi. Jihadhari na SSD na flashi zenye ukubwa wa uongo: iliyoandikwa TB 2 kwa bei ya soda chache ina GB chache ndani, na ikijaa inafuta ulichoweka mwanzo. Programu ya bure ya H2testw inaibaini.

Umeme unastahili neno zaidi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa MW 2,115, limeongeza umeme kwenye gridi, lakini kati ya Novemba na Aprili mvua za radi za Mbeya na Rungwe bado zinakata laini za mitaani. Kupandisha mfumo kutoka Windows 10 kwenda 11 kunachukua saa nzima au zaidi, na umeme ukikatika katikati mashine inaweza kukataa kuwaka. Hii ndiyo sababu, kwa nyumba za huku, naiweka laptopu mbele ya kompyuta ya mezani: betri yake ni UPS iliyozaliwa nayo. Mwenye ya mezani asianze kazi hiyo bila UPS, na radi ikianza achomoe waya ukutani. Kuizima tu hakutoshi.

King'amuzi cha pili ni Linux, na hapa maoni ya watu yamegawanyika kuliko inavyostahili. Si jambo geni nchini. Desemba 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi za bure zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Leo Linux Mint 22 ni bure, haihitaji TPM, inakaa vizuri kwenye kizazi cha nne chenye GB 4, na itahudumiwa hadi Aprili 2029. Faili lake ni takriban GB 3, la Windows 11 linazidi GB 5, tofauti inayoonekana kwenye bando. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta.

Inamfaa nani? Inaifaa nyumba inayotumia kompyuta kwa kivinjari, barua, filamu na masomo ya sekondari. Inamfaa mwanafunzi wa Mkwawa au Chuo Kikuu cha Iringa anayeandika tasnifu, na anayechambua takwimu kwa R au jamovi, au ramani kwa QGIS. Haimfai mwanafunzi wa uhandisi wa chuo kikuu cha MUST jijini Mbeya anayehitaji AutoCAD, kwa sababu AutoCAD haina toleo la Linux. Haimfai mhasibu wa Tally. Hati za Word zenye majedwali magumu nazo husogea zikifunguliwa kwenye LibreOffice, na mwenye steshenari hawezi kumwambia mteja kuwa wasifu wake umesogea. Kwa hao njia ni Windows 11 kwenye kizazi cha nane au zaidi, hata kama watasubiri miezi sita wakikusanya fedha.

Historia ya nchi hii inaunga mkono utaratibu huo wa kuanza na kazi. Kompyuta ya kwanza Tanzania, ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye Hazina ikanunua ICL 1900, kubwa na ya kisasa zaidi, kuchukua nafasi yake. Wataalamu wa kuihudumia hawakutosha, hesabu zikavurugika, serikali ikapata hasara, na mwaka 1974, wakati nchi nzima ina kompyuta saba, ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Mashine haikuwa mbovu. Ilinunuliwa bila kwanza kujua nani ataihudumia na kwa kazi ipi, na kosa hilo linaweza kufanyika kwa mabilioni ya serikali au kwa laki tano za mzazi wa Makambako.

Mafundi wanaweza kusaidia zaidi kuliko mtu mwingine yeyote. Fundi anayejua kupiga Windows kwa dakika arobaini anaweza kujifunza kuweka Linux Mint kwa siku moja, na MUST na vyuo vya VETA vina walimu wa kuwafundisha. Pia yuko mahali pazuri pa kupokea betri na mazabodi zilizokufa, maana kanuni za mazingira za mwaka 2021 zinataka taka za kielektroniki zikusanywe na wenye vibali. Majumbani bado zinaishia stoo au dampo pamoja na maganda ya viazi.

Nawe mnunuzi, ukienda Mwanjelwa au Miomboni, usikubali mashine iliyozimwa. Iwashe, soma namba ya prosesa, angalia kama ndani kuna SSD au hadi diski, andika tpm.msc. Ikiwa ni kizazi cha saba kushuka chini, inunue kama kazi yako inairuhusu, lakini kwa bei ya kizazi cha saba kushuka chini, vyovyote itakavyosema Windows iliyoko kwenye kioo. Muuzaji akikuzuia kuangalia, nenda duka la pili.